Mtoto Aliyelilia Jina

Mliokuwa nami wiki jana mnajua tulivyoachana vibaya. Wewe uliyefungia vitumbua gazeti lile, sogea nikukumbushe kwa ufupi, maana simpendi mtu anayedandia hadithi katikati kisha anaanza kuuliza huyu nani, yule nani.

Nyanjige ni binti wa Athanasi, mwenye kiduka pale Binza, Maswa. Ameolewa Nkololo na Salvatory, kijana wa mzee Maduhu na mama Kwandu. Wana mtoto mmoja wa kiume, Kristofa. Mtoto hakumaliza wiki duniani, akaanza kukakamaa. Jicho la kushoto linakimbilia pembeni, midomo inanyonya hewa, kisha mwili mzima unatetemeka.

Majirani wakasema degedege. Mama Kwandu akasema wapi, mtoto analilia jina, kuna mzee wa ukoo anataka kurudi. Akampa jina la Masunga, akamvisha ushanga mweupe mkononi, akampulizia maji ya unga. Mtoto hakunyamaza. Ndipo mzee Maduhu akalitamka lile neno tulilofungia wiki jana: kifafa. Tena kifafa kilicholetwa kutoka Binza.

"Kwetu hakipo," alisema. "Tumeletewa na mwanamke. Ng'ombe zangu za mahari zirudi."

Leo ndiyo siku ya kikao. Lakini kabla hatujafika kwenye viti kuna mambo ambayo Maduhu hakuyajua, na mimi siwezi kuyaruka.

Tuanze na daktari. Mtoto alipokakamaa vibaya mara ya kwanza, Nyanjige na mumewe walipanda bodaboda mpaka Bariadi mjini, wakaonana na daktari Violeth, mama mmoja wa sauti ya chini. Akampima mtoto malaria, akauliza homa, akauliza uchungu ulikwendaje. Kisha akamtazama Salvatory.

"Kwenye ukoo wa baba au wa mama, kuna aliyewahi kuwa na kifafa? Au degedege akiwa mchanga kama huyu?"

"Hakuna," Salvatory akajibu, swali hata halijatua.

"Una uhakika, baba?"

"Kwetu hakuna, daktari. Watu wote wazima."

Daktari akawaeleza taratibu. Kipo kifafa cha watoto wachanga kinachotoka kwenye damu ya wazazi. Mtu anaweza kuwa nacho utotoni, kikamwacha, akakua, akalima, akaoa, asijue kama aliwahi kuwa nacho.

"Cha namna hiyo mara nyingi huondoka mtoto akikua," alisema. "Lakini kabla hakijaondoka kinaweza kumdhuru. Dawa asikose. Na msije mkaiacha ghafla, mtoto anaweza kukakamaa asirudi."

Kipande cha kidonge kinasagwa, kinachanganywa na maziwa ya mama kwenye kijiko. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Mtoto akatulia.

Nyumba nayo ingetulia, ila mama Kwandu alikuwa na lake. Nyanjige akienda kisimani au shambani, dozi iliyoachwa haifiki mdomoni. Bibi anaimwaga. Na hamwagi kwa roho mbaya, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Anamwaga kwa upendo. Anasema dawa inamlewesha mtoto, babu akiita haitikiwi. Mtu akikutendea ubaya kwa chuki utajua pa kumshika. Huyu utamshika wapi?

Dozi zikaruka, mtoto akarudia kutetemeka, na Maduhu akapata neno lake.

Sasa sikilizeni la pili. Jumapili ile, mama mkwe na mkwe walikuwa wanamenya karanga nyuma ya nyumba.

"Mwanao mkaidi," mama Kwandu akasema. "Baba yake hakutusumbua hivi."

"Hakuwasumbua nini, mayu?" Nyanjige akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Huyu mumeo. Si naye alililia jina? Ana siku chache tu tangu nimzae, jicho linakwenda pembeni, mdomo unanyonya hewa, anatetemeka mpaka ngozi ya kulalia inasogea. Tukampa jina la babu yake, Mashimba. Akalia, akalia, alipoanza kukaa mwenyewe akanyamaza. Na shangazi yake Milembe naye alilia hivyo hivyo. Wazee wa ukoo huu wanapenda kurudi."

Karanga zikamdondoka Nyanjige mapajani.

Tangu aolewe anasikia watu wa nyumbani wakimwita mumewe Mashimba. Alijua ni jina la kienyeji tu, kama alilonalo kila mtu. Hakuwahi kuuliza alilipataje.

Na hapa msinielewe vibaya. Hakuna aliyedanganya. Daktari aliuliza kifafa, akauliza degedege, na kwa akina Maduhu hayo ni magonjwa. Kulilia jina si ugonjwa, ni heshima. Mtoto akilia, mbuzi anachinjwa, shangwe inapigwa. Wasimamishe mmoja mmoja mbele ya msalaba uwaulize kama kwao kuna kifafa, wataapa hakuna, na wataapa kwa moyo mweupe. Kumbe ugonjwa wanaishi nao miaka yote wakiuvisha ushanga.

Jioni Nyanjige akamfuata mumewe zizini.

"Baba Kristofa, mama anasema ulililia jina."

"Ndiyo. Kila mtu anajua."

"Alivyolia Kristofa ndivyo ulivyolia wewe. Jicho, mdomo, vyote. Na shangazi Milembe pia."

Salvatory si mjinga, amefika kidato cha nne. Nyanjige alimwona usoni neno la daktari likimrudia. Lakini badala ya kulainika, akakaza.

"Kwa hiyo unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema mimi. Nataka useme wewe, Jumamosi kwenye kikao. Baba yangu anakuja kutukanwa kwa kitu kisichokuwa cha kwake. Na mdogo wangu Scola, waliokuja kumposa wameanza kusuasua. Wamesikia Binza kuna kifafa."

"Nisimame mbele ya baba yangu niseme ni mimi?"

"Useme ukweli."

"Ukilitamka neno hilo wewe, Nyanjige, kabla ng'ombe hawajarudi utakuwa umesharudi wewe kwenu."

Mwanaume wa miraba minne, gunia la pamba analitupia begani peke yake, neno moja limemshinda. Tangu siku hiyo, kila walipobaki wawili Nyanjige alimwambia hilo hilo moja: sema. Akimtengea maji ya kuoga, sema. Akimpa chakula, sema. Ikafika mahali hata hasemi tena, anamtazama tu, na Salvatory anajua anaambiwa nini, anainamisha kichwa.

Nyanjige akampigia baba yake simu. "Baba, njoo bila hofu," alimwambia. "Ninalo neno la kuwafunga midomo."

Likumbukeni neno hilo. Litamtokea puani.

Jumamosi asubuhi Salvatory aliwasha pikipiki kwenda barabarani kumpokea mkwewe. Nyanjige akabaki ndani, akasaga kipande cha kidonge, akakamulia maziwa kwenye kijiko. Mara mlango ukafunguliwa.

"Mwangaluka, mayu," akasalimu, magoti chini, kijiko mkononi.

Mama Kwandu hakuitikia. Alikichukua kijiko akakigeuza. Dawa ikanywewa na udongo.

"Hata leo, siku anayozungumzwa, unampa sumu?"

"Daktari alisema asikose, mayu."

"Daktari amemzaa nani hapa?"

Ukweni unajifunza kunyamaza kabla hujajifunza mahali chumvi inapokaa. Bibi akampakata mjukuu wake, akamfuta mate kwa kiganja, na sauti yake ikalainika ghafla.

"Mzee wangu hasira zimemziba masikio. Anadai ng'ombe wote, hataki abaki hata wa mtoto. Nimemwambia, ukiwachukua wote, mtoto anakwenda kwa mama yake, ndivyo mila ilivyo. Anasema mgonjwa aende na ugonjwa wake. Mimi namwomba Mungu ng'ombe hao wasirudi. Wakibaki huko kwenu, mtoto ni wetu. Wewe utakaa au utaondoka, utajua mwenyewe. Lakini yeye nitalala naye mimi, na kidonge hakitavuka mlango huu. Nitamwita Masunga mpaka anyamaze kama alivyonyamaza baba yake."

Akamlaza mtoto mkekani, akatoka. Nyanjige alibaki amepiga magoti vile vile, na hapo hapo akayaona mambo yote yamepinduka.

Wiki nzima ameuomba ukweli. Ukweli ukisemwa, kosa linakuwa la akina Maduhu, ng'ombe hawarudi, na Kristofa anabaki kwenye mikono inayomwaga dawa. Uongo wa Maduhu ukisimama, yeye anafukuzwa kwa aibu, na anaondoka na mwanawe mgongoni.

Najua wapo mtakaoniambia sheria ipo, ustawi wa jamii wapo, mtoto anayenyonya hatenganishwi na mama yake. Kweli kabisa. Nendeni mkawaeleze akina Maduhu siku ile uani kwao, halafu mje mniambie mlijibiwa nini.

Aliwaza jina la baba yake. Akamwaza Scola. Moyo ulimuuma, lakini hakusita. Kusaga kingine hakuthubutu, bibi yupo hapo nje; akavifunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga yake, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kumtafuta mumewe amwambie yale maneno ya sema, sema, ayasahau yote.

Salvatory alikuwa ameshafika na wageni. Alikuwa amekaa katikati ya wanaume, na mwanamke aliyeolewa hamwiti mwanaume kikaoni. Utampungia mkono? Utampigia mluzi? Nyanjige alikaa chini upande wa wanawake, akamkazia macho.

Salvatory akainamisha kichwa.

Mzee Maganga, mwenyekiti wa kitongoji, akafungua kikao kwa maneno machache. Maduhu hakungoja amalize.

"Mimi sina mengi. Nilitoa ng'ombe wazima, wenye maziwa. Huyu bwana wa dukani akanipa ndama mwenye ugonjwa, akajua mimi wa kijijini sitagundua. Nimegundua."

"Binti yangu si ndama," Athanasi akasema. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na jasho lilikuwa linamtoka.

"Basi mbuzi. Chagua mwenyewe."

Watu wa Maduhu wakacheka. Athanasi akaacha kicheko kiishe.

"Ukoo wangu naujua. Wa marehemu mke wangu naujua. Hakuna mtoto wetu aliyewahi kuanguka. Lakini sikuja kubishana. Binti yangu ana neno." Akamgeukia Nyanjige, uso umejaa matumaini. "Waambie, mwanangu."

Nyanjige alipiga magoti.

"Ni kwetu, baba."

"Rudia."

"Kifafa ni cha kwetu. Marehemu mama alikuwa nacho utotoni. Aliniambia kabla hajafa, akasema nisikwambie."

Athanasi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mama yako nimemzika kwa mikono yangu," alisema. "Hana mdomo wa kukujibu. Na wewe umemchagua yeye umsingizie."

"Nisamehe, baba."

"Mimi si baba yako. Tafuta mwingine utakayemwita hivyo huko unakokwenda."

Nyanjige aliinama. Alilia kweli, si machozi ya kuigiza. Lakini mgongoni aliisikia pumzi ya mtoto, akajiambia acha anichukie, nitamrudia na mtoto mzima, atanisamehe.

Maduhu alikuwa ameshanyanyuka, anafuta mikono kama aliyemaliza kula. "Mwenyekiti, umesikia kwa kinywa chake. Ng'ombe wote. Sitaki abaki hata mmoja."

"Na mtoto?" Maganga akauliza.

"Aende naye. Si mali yao?"

Upande wa wanawake mama Kwandu akatoa sauti ya mtu aliyechomwa mwiba.

"Basi neno limekwisha," Maganga akasema. "Ng'ombe warudi, mama aondoke na mwanawe."

Nyanjige akakaza fundo la kitenge kifuani. Bado kidogo. Avuke uwanja, apate bodaboda yoyote, afike Bariadi. Kabla hajasimama akamtupia mumewe jicho la mwisho, lililojaa machozi, linalomsihi: nyamaza.

Nanyi mnajua jicho lile wiki nzima lilikuwa linamwambia nini.

Salvatory akasimama.

"Mwenyekiti, naomba neno."

"Keti," Nyanjige akasema.

Uwanja mzima ulimgeukia. Mwanamke anamwambia mumewe keti, mbele ya wazee, mbele ya baba mkwe. Lakini Salvatory alimtazama mkewe kwa upole ambao hakuwa amemwonyesha tangu mtoto azaliwe.

"Mnaona? Mpaka sasa ananikinga. Mke wangu amesema uongo. Amemsingizia marehemu mama yake, amekubali kukanwa na baba yake, ili mimi nisiaibike. Nilimtisha, nikamwambia akisema nitamwacha. Mimi ni mtu mbaya, lakini siwezi kumwacha aondoke hivi."

"Salvatory, nakuomba," Nyanjige akasema. "Keti chini."

Hakuketi. Siku zote zile amenyamaza, akachagua leo kuwa mwanaume.

"Mimi nyinyi mnaniita Mashimba. Kila aliyeko hapa anajua nililipataje. Nilikakamaa kama huyu mtoto, jicho pembeni, mdomo unanyonya hewa. Shangazi Milembe naye alikuwa hivyo. Daktari alituambia kinatoka kwenye damu ya mzazi. Mzazi mwenyewe ni mimi."

"Ile ilikuwa kulilia jina," Maduhu akafoka.

"Ndiyo, baba. Na huyu analilia hilo hilo."

Maduhu akaketi. Wazee wa ukoo walitazamana, maana wote waliila nyama ya yule mbuzi wa Mashimba, na hakuna ambaye angesema hakuwepo.

Mzee Maganga akakohoa. "Kama ni hivyo, mwanamke hana kosa. Ng'ombe wabaki Binza. Mtoto ni wa Maduhu."

Athanasi aliuficha uso kwa kiganja, mabega yakamcheza. Alipoondoa mkono alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaja mbio mpaka alipopiga magoti binti yake, akamshika kichwa.

"Kumbe ulikuwa unamsitiri mumeo. Nisamehe, mama. Nimekutamkia maneno mabaya."

Nyanjige hakumsikia vizuri. Alikuwa anaangalia vidole vya mama Kwandu, vilivyokuwa vimeshafika kifuani pake, vinafungua fundo la kitenge.

"Lete mjukuu wangu," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa tamu.

Nyanjige akalishika fundo. "Mayu, hajapata dawa tangu jana."

"Hataihitaji."

"Baba," Nyanjige akamgeukia Athanasi, "mwambie asimchukue. Nakuomba, mwambie."

"Mwachie bibi yake ampakate kidogo, mwanangu," Athanasi akasema, akimtoa vidole taratibu kwenye lile fundo, kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto kisu. "Yamekwisha. Tumeshinda."

Nyanjige akamtafuta Salvatory kwa macho. Alikuwa amezungukwa na wanaume wanaompa mikono kwa ujasiri wake, naye alikuwa anamtabasamia mkewe kutoka mbali, anangoja shukrani.

Fundo likaachia. Mama Kwandu akamchukua mtoto, akatembea naye mpaka katikati ya uwanja, akamwinua watu wamwone. Vidonge vilikuwa kwenye pindo la khanga ya Nyanjige, na Athanasi alikuwa bado amemshika mabega kwa mapenzi yote ya baba.

Nyanjige pekee ndiye aliyeliona jicho la kushoto likihama. Likasogea pembeni likakaa huko huko. Kisha midomo ikaanza kunyonya hewa.

Mama Kwandu alipouona uso wa mjukuu wake alitabasamu, akawapungia wanawake wasogee.

"Masunga," akamwita. "Tupo hapa, baba. Tunakusikia."